Nahodha Aidan Challe na Kamba ya Mita Ishirini

Tarehe 31 Julai 2025, saa tisa na nusu alasiri, Bwana Aidan Challe atarudisha funguo za geti la makao makuu ya Shirika la Huduma za Mwambao hapa Mbinga, na utumishi wake wa miaka thelathini na minne utakuwa umefika mwisho. Miaka ishirini na minane kati ya hiyo aliitumia ziwani, kwanza akiwa mhudumu wa boti na kisha nahodha. Iliyobaki ameitumia getini, akiandika namba za magari. Kamati ya Kuaga imemwomba mwandishi wa wasifu huu aandike ukurasa mmoja na nusu, wenye furaha, na asiguse mambo ya mwaka 2019. Furaha ipo na nitaiandika. Kuhusu urefu, na kuhusu hilo la mwisho, naomba radhi mapema.

Bwana Challe alizaliwa Liuli mwaka 1965, mtoto wa fundi seremala aliyetengeneza madawati na, ilipobidi, majeneza. Tarehe 1 Agosti 1991 aliajiriwa kama mhudumu wa boti, cheo ambacho maana yake halisi ilikuwa kumwaga maji. Boti ya wakati huo ilikuwa ya mbao, ilivuja kila mahali, na injini yake iliwaka ilipojisikia. Aidan alikaa miguuni pa nahodha na kopo la rangi, akichota na kumwaga kutoka Liuli hadi Lituhi, huku wauguzi wakiwa wamekumbatia masanduku ya chanjo mapajani. Miaka sita baadaye alikabidhiwa usukani. Tangu siku hiyo hadi alipoondolewa ziwani, kliniki ya mkoba haikuahirishwa hata mara moja kwa kosa lake. Iliahirishwa kwa mafuta kuchelewa, iliahirishwa kwa semina, na mara moja iliahirishwa kwa sababu mhasibu wetu, Bwana Henry, alikuwa harusini Songea na ufunguo wa stoo ya mafuta ulikuwa mfukoni mwake.

Nianze na sabuni, maana ndiyo iliyotukutanisha. Mwaka 2004 mwandishi wa wasifu huu, akiwa karani mpya wa stoo mwenye hamu ya kuonekana anafanya kazi, aligundua kwamba boti ya Liuli inatumia miche mitatu ya sabuni kila robo mwaka, na boti yenyewe haionekani kuoshwa. Nilimwandikia barua ya kutaka maelezo. Alipanda mwenyewe hadi Mbinga, akanisalimu kwa adabu zote, akaweka mezani pangu jiwe lililofungwa kamba. Chini ya jiwe kulichongwa kishimo, na ndani ya kishimo kulishindiliwa sabuni.

Alinieleza taratibu, kama anayemweleza mgeni njia. Nahodha asiyejua chini ya maji kuna nini hana haki ya kuchagua nanga. Unashusha jiwe hadi liguse, unalipandisha, unatazama sabuni. Ikirudi na mchanga, chini ni mchanga. Ikirudi na tope, ni tope. Ikirudi safi lakini imekwaruzwa, chini ni mwamba, na hapo nanga ya kuchimba haina kazi, unahitaji ile ya mikono inayonasa. Majibu yote aliyaandika katika daftari la shule lililofunikwa kwa gazeti: kila mahali boti inapotia nanga, kina chake kwa pima za mikono yake, aina ya chini yake, nanga inayofaa, na urefu wa kamba. Nilifuta barua yangu na kumwongezea mche wa nne.

Wengi wetu wa makao makuu ni watu wa kahawa na mahindi. Ziwa tunalijua kwa mbasa na dagaa wanaopandishwa sokoni, na tukiteremka kikazi tunalitazama kutoka juu na kusema ni zuri. Kwa faida yetu, basi, naeleza kama alivyonieleza. Nanga ya boti ndogo haishiki kwa uzito wake. Inashika kwa kuchimba, na ili ichimbe lazima ivutwe kwa ulalo, chini kwa chini. Kamba ikiwa fupi inaivuta nanga kwenda juu, na kila wimbi linaing'oa. Alisema hata sisi tunaolima ngoro, mashimo yetu ya mlimani, hatulishiki jembe wima tukategemea udongo ugeuke. Kwa hiyo kamba iwe mara tano au sita ya kina cha maji, na Mwera ukivuma iwe mara saba. Mwera ni ule upepo wa kusini unaoupiga mwambao wetu kuanzia Mei hadi Agosti, na hauna mazungumzo na mtu. Kati ya nanga na kamba uwepo mnyororo, pima tatu hivi, ili uzito wake uilaze kamba na mwamba ukisugua usugue chuma.

Maduka ya vifaa hapa mjini yanamkumbuka pia. Aliingia na kiberiti mfukoni na ombi la ndoo ya maji. Akikatiwa kipande cha kamba alikitumbukiza ndani ya ndoo, na kikielea alikirudisha kwa mwenye duka, kwa sababu kamba inayoelea hunaswa na pangaboi za boti za wenzako, na jua huila mapema. Kikizama alikichoma ncha, akainusa, kisha akakivuta kwa mikono miwili kuona kama kinarefuka kidogo na kurudi, kama nailoni halisi inavyofanya. Kamba isiyorefuka, alisema, hupeleka kila kishindo cha wimbi moja kwa moja kwenye nanga. Mwisho aliishika ikiwa imelowa na kuivuta kama anayepandisha nanga, kwa sababu kamba nyembamba inaweza kuwa na nguvu za kutosha na bado ikakuchana viganja. Mama Beata, mwenye duka karibu na stendi, alimtengea ndoo ya pekee na kuiandika NAHODHA kwa rangi nyekundu. Wateja walidhani ni chapa ya ndoo, wakawa wanaiulizia.

Nanga aliyoipenda kuliko zote haikutoka dukani. Aliichora mwenyewe kwa chaki sakafuni kwa mhunzi mmoja wa Lituhi, Salvatory, naye akaifua kwa springi za lori: mabapa mawili yanayochimba mchangani, na mpini mrefu. Iliishika boti ya mbao miaka kumi na minane. Boti ile ilipouzwa mnadani mwaka 2018, nanga iliuzwa pamoja nayo ndani ya fungu la vyuma chakavu. Orodha ya fungu hilo niliiandaa mimi. Bwana Challe aliandika maombi mawili ya kuomba nanga ibaki, na maombi yote mawili yalipokelewa na kugongwa mhuri.

Sasa nimefika pale nilipokatazwa kufika, na nimechoka kujiita mwandishi wa wasifu huu. Ni mimi, Ephrasia Ndunguru, Afisa Ugavi.

Mwezi Machi 2019 Shirika lilipata boti mpya ya faiba, mita saba, injini mbili, imeandikwa Faraja ubavuni. Kamati ya Manunuzi ilikaa hapa Mbinga kuamua vifaa vyake. Tulikuwa watatu: Bwana Sebastian, mkurugenzi wa wakati huo, Bwana Henry wa uhasibu, na mimi. Nahodha aliitwa kueleza maombi yake. Aliomba nanga mbili, moja ya mabapa kwa ajili ya mchanga na moja ya mikono minne kwa ajili ya miamba. Aliomba mnyororo, na mita tisini za nailoni yenye unene wa kidole. Alikuwa amevaa shati la kanisani, na daftari lake lilikuwa mkononi.

Bwana Sebastian alikuwa na picha ya nanga inayokunjwa. Ilikuwa ndogo, inang'aa, ina mikono minne inayofunguka kama mwavuli na kukazwa kwa kola ya chuma. Sifa yake kubwa, na hili limo katika muhtasari wa kikao, ni kwamba inaingia kabatini. Nahodha alisema nanga haihitaji kuingia kabatini. Kuhusu mnyororo, Bwana Henry aliuliza kama boti ni mbuzi. Ikabaki kamba. Mkurugenzi aliomba daftari, akatafuta mahali penye kina kirefu kuliko pote, akapata Ngumbo, pima saba, yaani kama mita kumi na mbili. Akauliza mita tisini za nini.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Nilisema kisima cha nyumbani kwetu kina mita kumi na nne na kamba ya ndoo ina mita kumi na tano, na hakuna mwaka tuliolala na kiu. Huyu ndugu anataka kuchota maji nchi gani? Walicheka. Mkurugenzi alicheka hadi akavua miwani. Nami nilifurahi, maana sikuwa mtu wa kuchekesha vikaoni. Nahodha alijaribu habari ya jembe na ulalo, akaambiwa hapa si shambani. Muhtasari unasomeka hivi: "Kamati imeridhika, kwa kulinganisha na visima, kwamba mita ishirini zinatosha kwa kina cha mita kumi na mbili." Ni watu wa milimani tu wanaoweza kupitisha sentensi hiyo bila mmoja wao kukohoa. Na mimi ninayewacheka ndiye niliyewapa.

Tarehe 28 Machi alikuja stoo kuchukua vifaa. Kitabu cha kutolea vifaa kina nakala mbili. Ya juu huondoka na mpokeaji, ya chini hubaki kwangu. Alisaini, kisha akaniomba kalamu tena. Chini ya saini yake aliandika: "Nimepokea. Nanga moja, kamba mita 20, mnyororo hakuna. Haitoshi kwa Ngumbo wakati wa Mwera. A. Challe." Akaniambia, "Dada Ephrasia, hii itunze." Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Tarehe 19 Julai, saa nne asubuhi, Faraja ilitia nanga Ngumbo kwa siku ya kliniki. Pale ziwa linashuka ghafla, na kwa vile upepo ulikuwa umeanza, boti ya faiba yenye injini mbili haikuweza kulazwa ufukoni penye mawe. Nahodha alipima kwa jiwe na sabuni, akakuta mchanga, akatazama nanga ya kukunjwa aliyopewa. Alifanya alichoweza. Aliazima kamba kwa wavuvi, mita thelathini, akaiunga kwenye zile ishirini kwa mafundo ambayo nitayataja tena. Kisha akawavusha wauguzi kwa mtumbwi, akabeba sanduku la chanjo mwenyewe, kwa sababu nafasi ya mhudumu wa boti ilikuwa imefutwa kwenye bajeti mwaka ule ule.

Faraja ilisimama kwa muda wa saa mbili nzima. Muuguzi Marselina, aliyekuwa akipima watoto uzito chini ya paa la shule, aliiona boti kwa macho yake muda wote huo, na alisema hivyo mbele ya kila aliyemuuliza. Kama saa sita Mwera ulizidi, nanga ikaanza kuruka mchangani, ikakokoteka hadi ikagonga jiwe, kola ikafunguka, na mikono ikajikunja. Nahodha alipiga makasia na mvuvi mmoja hadi kwenye kamba, akaishika, akajaribu kuizungusha kwenye mwamba unaotokeza nje ya maji. Wimbi liliinua boti na kamba ikambana mkono wa kulia. Vidole viwili vilivunjika na havijakunjika tena tangu siku ile. Faraja ilipasuka ubavu kwenye mawe na kuzama mbele ya kina mama waliokuwa bado wamepanga foleni. Hakuna aliyekufa. Lakini kwa miezi kumi na minne kina mama wa Ngumbo walibeba watoto wao kwa miguu kufuata chanjo, na kuna waliochoka wakaacha.

Wavuvi waliivuta nanga kutoka majini siku ya pili. Ilikuwa imejikunja vizuri kabisa, tayari kwa kabati. Kamba ya mita ishirini na kamba ya wavuvi zilikuwa bado zimeungana, na mafundo ya nahodha hayakuwa yamelegea hata kidogo.

Tume ya uchunguzi ilikaa Septemba, watu watatu, hapa hapa Mbinga, katika ukumbi tutakamomuaga. Muuguzi Marselina alitoa ushahidi wake, na muda si mrefu akahamishiwa kituo cha mbali na ziwa. Nahodha alisema alionya kwa maandishi. Nakala yake ilikuwa ndani ya kisanduku chini ya kiti cha Faraja, pamoja na daftari lake la miaka ishirini na miwili, na vyote viko chini ya maji hadi leo. Akasema nakala nyingine iko stoo. Mwenyekiti wa tume alinigeukia na kuniuliza kwa upole kabisa, "Mama, kuna karatasi ya namna hiyo?"

Ilikuwa ndani ya droo yangu, chini ya kalenda. Asubuhi ile nilikuwa nimeisoma. Nikajibu, "Sikumbuki kuiona."

Nimetafuta sababu nzuri kwa miaka sita na sijaipata. Muhtasari wa Machi ulikuwa na jina langu na kisima chetu. Nafasi ya Afisa Ugavi ilikuwa ijazwe Oktoba. Bwana Sebastian hakunitisha, wala hakuniomba chochote. Alinitazama tu, na mimi nikajua ninachotakiwa kusema kabla hajamaliza kunitazama. Oktoba nilipandishwa cheo. Keki ililetwa na nilikula.

Barua ya karipio ilitoka tarehe 4 Novemba 2019. Inasema nahodha alikuwa mzembe, hakuikaza kola ya nanga, aliiacha boti bila mtu, na alitumia kamba isiyoidhinishwa. Hilo la mwisho ndilo linalonichoma kuliko yote. Mita thelathini alizoazima kwa watu kwa ajili ya kuokoa mali yetu ziliandikwa kuwa kosa, na mita ishirini tulizompa sisi hazikuandikwa popote. Wiki hiyo hiyo aliondolewa ziwani akaletwa Mbinga kulinda geti.

Geti liko hatua ishirini kutoka mlango wa stoo yangu. Kila asubuhi ya kazi alinifungulia na kuniambia, "Habari za asubuhi, dada." Nikamjibu, "Nzuri, kaka." Hakuwahi kuongeza neno. Wafanyakazi vijana walimwamkia "Shikamoo, Nahodha," naye aliitikia, ingawa faili lake linasema mlinzi. Baridi ya Mbinga ya Juni na Julai ilimkuta na koti la mtumba lililomzidi, na vidole vyake viwili alivificha ndani ya mkono wa koti. Daftari la geti aliliandika kwa mkono wa kushoto, hati ya mtoto wa darasa la pili, na katika muda wote huo hakuna gari lililoingia au kutoka bila kuandikwa. Aliunda kufuli upya, akapaka geti mafuta, akapanda maua pembeni. Kila dereva aliyetoka mwambao aliulizwa swali moja kabla ya kufunguliwa: upepo ukoje huko? Madereva walizoea. Wengine walikuwa wanapiga simu kuulizia kabla hawajafika, wasije wakakosa jibu.

Siku za mwisho wa mwezi alishuka Liuli kwa mke wake, Eunice. Nasikia huko hakukaa ufukoni na wenzake. Nahodha anayesemekana kuizamisha boti ya chanjo kwa uzembe hana cha kuzungumza na watu ambao watoto wao walikosa chanjo. Hilo ndilo tulilomnyang'anya. Boti nyingine ilipatikana mwaka 2020, lakini jina la Nahodha liko palepale tulipoliacha.

Mwezi wa tano mwaka huu, Kamati ya Kuaga iliponiomba niandike, nilipiga moyo konde. Nilitoa karatasi kwenye droo nikaenda kibandani kwake saa mbili asubuhi. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kuanzia kisima hadi keki. Alisikiliza. Lori la saruji lilipiga honi, akatoka, akaandika namba, akalifungulia, akalifunga geti, akarudi. Kisha akasema, "Nimekusikia, dada." Sikusikia neno nimekusamehe, na sitaandika hapa kwamba nililisikia.

Nilipeleka karatasi na maelezo yangu yaliyosainiwa kwa mkurugenzi wa sasa, Bwana Justin, ambaye mwaka 2019 hakuwa hapa. Niliomba barua ya karipio iondolewe kabla ya tarehe ya kustaafu. Alikaa nayo wiki mbili. Jibu lake, la maandishi, ni kwamba uchunguzi ulishafungwa na barua iliyomo kwenye faili haiwezi kung'olewa. Kinachowezekana ni kuongeza nyaraka. Kwa mdomo alinishauri nisichafue sherehe. Nilirudi getini na jibu hilo kwa hasira, nikisema tukate rufaa, tuandike wizarani, tufanye hivi na vile. Nahodha alinisubiri nimalize. Alisema, "Barua iacheni. Yangu iwekeni juu yake."

Tarehe 16 Juni tulikwenda naye masjala. Bibi Careen, karani wa masjala, alitoa faili lake. Barua ya karipio ndiyo iliyokuwa juu, kwa sababu tangu mwaka 2019 hakuna aliyeona haja ya kuweka kingine. Mtu yeyote aliyefungua faili la Aidan Challe, kwa likizo, kwa matibabu, kwa lolote, alikutana kwanza na neno uzembe. Careen alitoboa maelezo yangu, akataka kuyaweka juu, karatasi ya stoo chini yake, kwa kufuata tarehe. Nahodha alimzuia kwa kiganja. Alisema, "Mwanangu, yangu iwe ya mwisho juu. Mimi nilisema kabla yao wote." Careen alinitazama, nami nikatazama sakafu, na akafanya alivyoambiwa. Nahodha alisoma mistari yake miwili kwa muda mrefu, hati yake ya zamani, ya mkono wa kulia. Akafunga faili mwenyewe.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, tunamshukuru Bwana Challe kwa miaka thelathini na minne, kwa maelfu ya watoto waliochanjwa kutoka Liuli hadi Lituhi, kwa kila siku boti ilipokuwa mahali alipoiacha. Tunamshukuru Mama Eunice, aliyetukabidhi mumewe akiwa mzima akampokea na mkono mbovu. Tunawashukuru wavuvi wa Ngumbo kwa kamba yao, ambayo hatujairudisha. Ombi langu kwa ndugu na majirani wa Liuli watakaosoma programu hii ni moja tu: msome hadi hapa, na mkimwona ufukoni mmpishe akae.

Na kwako mwenyewe, Nahodha. Kadi uliyoandaliwa inasema tunakutakia maisha mema, na nimeisaini kama wengine. Lakini hapa kwenye karatasi yangu naandika kwa mkono wangu: hayo maisha mema ulistahili kuyapata hapa kwetu, ulipokuwa bado kazini.